Usisifu Kifua Ukausahau Mgongo

Ndugu msomaji, mwulize kijana ye yote anayenyanyua vyuma ni kiungo gani cha mwili wake chenye nguvu kuliko vyote. Kabla hajakujibu kwa maneno, atakunja mkono na kukuonyesha msuli. Kisha mwulize ni kiungo gani kilicho dhaifu. Hapo atasita, kwa kuwa swali hilo hajawahi kujiuliza. Jumapili hii tutalizungumza swali hilo la pili, maana ndilo lenye faida kwako wewe unayepakia magunia bohari, wewe unayekaa kitini ofisini kutwa, na wewe mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani.

Kwa kawaida mtu hupenda kukizoeza kile kiungo ambacho tayari kina nguvu. Mwenye kifua kipana hulala chali kila siku akisukuma vyuma, kwa sababu kazi hiyo humpendeza na wenzake humsifu. Miguu yake membamba huificha ndani ya suruali. Lakini siku atakapotakiwa kuinua gunia kutoka sakafuni, gunia halitauliza habari za kifua. Litauliza habari za mapaja, makalio, kiuno na vidole.

Nguvu hupimwaje?

Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya 600, na hakuna jibu moja la swali la nani mwenye nguvu kati yao. Ukipima kwa ukubwa, msuli wa makalio ndio mkubwa kuliko yote. Ndio unaotuinua tunapotoka kitini au tunapopanda mlima. Ukilinganisha nguvu na udogo wa msuli wenyewe, msuli wa taya unaotafuna chakula hutajwa mbele. Ukipima kwa uvumilivu, hakuna wa kushindana na moyo, ambao hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja bila kuomba likizo. Na ndani ya shavu la mguu umo msuli usiosifiwa na mtu, ambao hufanya kazi muda wote tunaposimama ili tusianguke kifudifudi.

Udhaifu nao una makao yake. Bega ni kiungo kinachozunguka kuliko vyote mwilini, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kuteguka. Linashikiliwa na misuli minne midogo ambayo haionekani kwenye kioo. Kiuno hubeba uzito wa nusu ya juu ya mwili, tena mtu huinama nacho vibaya kutwa. Misuli ya nyuma ya paja hupuuzwa, kwa kuwa mwenyewe haioni. Vidole navyo huchoka kabla ya mgongo, mzigo ukaponyoka mkononi.

Maumbile pia yana sehemu yake. Mwenye mikono mirefu hupata taabu kusukuma chuma akiwa amelala chali, kwa kuwa njia ya chuma ni ndefu. Lakini mtu huyo huyo huwa na nafuu akiinua uzani kutoka ardhini, maana hahitaji kuinama sana. Kati ya wanaume na wanawake, tofauti ya nguvu ni kubwa zaidi mikononi na mabegani kuliko miguuni. Hivyo usijione mnyonge kwa kujipima na jirani. Jipime na nafsi yako.

Vilima vya Ihembe

Tusiende mbali kutafuta mfano. Twende Ihembe, katika wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, nchi ya vilima, migomba na mibuni. Neno lenyewe kwa lugha ya huko lina maana ya pembe, na pembe si kitu kigeni kwa watu walioishi karne nyingi na ng'ombe wenye pembe ndefu. Mkulima wa huko hahitaji kununua vyuma ili aitwe mwanamazoezi. Jembe lipo, ndoo ya maji ipo, mkungu wa ndizi upo, na gunia la kahawa linamngoja.

Lakini tazama kwa makini kazi hizo zinajenga nini. Kupanda kilima hujenga makalio na mapaja. Kuteremka nako ni kazi, tena kubwa, kwa sababu misuli ya mbele ya paja hufunga breki huku ikinyooshwa. Ndiyo maana mgeni kutoka mjini huamka kesho yake akilia mapaja, si kwa kupanda bali kwa kushuka. Kukanyaga ndizi mbivu kwa miguu ili kupata maji ya rubisi ni zoezi la miguu lisilopungukiwa na jasho. Ndoo kichwani hunyoosha shingo na uti wa mgongo. Jembe hujenga mshiko wa vidole, vigasha na mgongo wa juu.

Je, jembe halina kosa? Linalo. Mpini mfupi humwinamisha mtu saa nyingi, na kiuno kilichopindwa muda mrefu huchoka hata kama kina nguvu. Tena kazi hizo nyingi ni za kuvuta na kubeba. Za kusukuma ni chache. Kwa hiyo hata mkulima hodari anaweza kuwa na miguu ya chuma na kiuno kinacholia kila jioni. Kazi humzoeza mtu kwa mahitaji ya kazi, si kwa mahitaji ya mwili mzima.

Wanasayansi wameuchunguza ubebaji wa namna hii. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy wa Nairobi na wenzake, waliowapima wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu waliobeba kwa mkanda wa kipajini. Ilionekana kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Nguvu hiyo haikutoka katika kiungo kimoja kilichotunishwa. Ilitoka katika mwendo, na mwendo ni ushirikiano wa viungo vyote.

Ngoma ya Rumanyika na mguu wa Grant

Karagwe ina hadithi mbili zinazotufaa hapa. Mwezi Novemba mwaka 1861, wapelelezi wa Kiingereza Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika. Rumanyika alimsimulia Speke jinsi alivyopata ufalme. Baba yake alipofariki, waliwekewa mbele yao ngoma ndogo, yeye na ndugu zake wawili. Ngoma ilikuwa nyepesi, lakini ilitiwa dawa ikawa nzito kwa kila asiyestahili. Ndugu zake walijitahidi wasiweze kuitikisa. Yeye akaiinua kwa kidole chake kidogo.

Hiyo ni hadithi ya enzi, na ina heshima yake. Sisi tusio na ngoma ya kifalme tunabaki na methali ya wazee: kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye kutegemea kiungo kimoja hana nguvu, ana mapambo.

Hadithi ya pili haina uganga. Mwezi Januari mwaka 1862 Speke aliondoka kwenda Buganda, lakini Grant hakuweza kumfuata. Mguu wake ulikuwa umevimba na kuugua, ikambidi akae kwa Rumanyika kwa miezi. Alipoondoka mwezi Aprili alibebwa machelani, juu ya vichwa vya watu. Alikuwa mwanajeshi, mwenye mikono mizima, macho mazima na akili timamu. Kiungo kimoja kiliposema hapana, mwili wote ulitii.

Mfanyakazi wa mjini

Sasa turudi mjini. Wengi wetu tulizaliwa au wazazi wetu walizaliwa mahali kama Ihembe. Tulikuja na miguu ya vilimani, tukaipumzisha ndani ya basi na chini ya meza. Kiti humnyima mtu kazi ya makalio, huilegeza misuli ya tumbo na kuivuta shingo mbele. Baada ya miaka ishirini mtu huyo huyo anajaribu kuinua mtungi wa gesi, na kiuno kinamkatalia.

Kwa wapagazi na wapakiaji hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo kwamba mzigo anaobeba mfanyakazi mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55. Mfuko wa saruji una kilo 50, kwa hiyo umo ndani ya kiasi hicho. Lakini gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba hupita kilo 100. Kijana anayelitwika huonekana shujaa, na mshahara wa siku hiyo anaupata. Mgongo ukiumia, si yeye peke yake anayelala. Kodi ya nyumba, ada ya mtoto na unga wa jioni vyote hulala pamoja naye. Hii ndiyo sababu habari ya kiungo dhaifu si habari ya vijana wa vyuma tu. Ni habari ya nyumba nzima.

Pima udhaifu wako

Vipimo vifuatavyo havihitaji pesa. Kwanza, kaa kwenye kiti kisicho na mito, kunja mikono kifuani, kisha inuka na kukaa kwa muda wa sekunde 30. Hesabu umeinuka mara ngapi. Kwa mtu wa miaka 60 hadi 64, mwanamume akipungukiwa na mara 14 na mwanamke mara 12, miguu inaomba msaada. Kijana anapaswa kupita hapo kwa mbali.

Pili, simama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, karibu na ukuta ili usianguke, kisha badili. Mguu unaoyumba ndio dhaifu. Tatu, jilaze kifudifudi, jiinue kwa vigasha na ncha za vidole vya miguu, mwili uwe umenyooka kama ubao. Kiuno kikishuka upesi, umekwisha kujua penye ufa. Nne, beba dumu la maji mkono mmoja, utembee hatua 30, kisha mkono wa pili. Angalia upande gani unakupinda.

Kiponye kwa utaratibu

Ukisha kukijua kiungo dhaifu, kipe nafasi ya kwanza katika mazoezi, wakati mwili haujachoka. Watu wengi hufanya kinyume: hukimalizia kwa mazoezi mawili matatu ya kuvunga, nguvu zikiwa zimekwisha. Fanya mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, na uwape misuli siku ya kupumzika kati yake. Msuli haukui wakati wa kunyanyua. Hukua wakati wa kulala na kula.

Vyuma si lazima. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi dumu la lita 5, la 10 na la 20 ni duka kamili la uzani. Chuchumaa na kuinuka kwa ajili ya mapaja na makalio. Lala chali, kunja magoti, inua kiuno kwa ajili ya nyuma ya paja. Vuta dumu kuelekea ubavuni kwa ajili ya mgongo na bega. Anza na uzani unaoweza kuuinua mara 10 kwa utulivu. Ukifika mara 15 bila taabu, ongeza kidogo. Majuma ya kwanza utaona nguvu imeongezeka kabla msuli haujatuna. Hiyo ni kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli vizuri zaidi.

Unapoinua cho chote kutoka chini, kisogeze karibu na mwili. Kilo 20 zilizo sentimita 50 kutoka kiunoni hukilemea kiuno mara mbili zaidi ya kilo hizo hizo zilizo sentimita 25. Kunja magoti, usijipinde huku umebeba, wala usizuie pumzi. Mwenye shinikizo la damu, mja mzito na aliyewahi kuumia mgongo yafaa wamwone daktari kwanza. Uchovu wa msuli ni jambo la kawaida. Maumivu makali ya kiungo, au ganzi inayoshuka mguuni, ni amri ya kuacha. Na vidonge au sindano za kutunisha misuli zisiingie nyumbani kwako, maana huweza kudhuru moyo, ini na uzazi.

Chakula chake si cha ajabu. Maharage, dagaa, maziwa, mayai, karanga, na katika msimu wake senene wa Kagera, vyote hujenga misuli. Ndizi hutoa nguvu ya kufanyia kazi.

Hata mnyanyua uzani hodari kuliko wote anaijua siri hii. Mwezi Desemba mwaka 2021, Lasha Talakhadze wa Jojia aliinua jumla ya kilo 492 katika minyanyuo miwili. Mtazamaji husifu mikono iliyonyooka juu, lakini msukumo wenyewe ulitoka miguuni na kiunoni, na mikono ikapokea.

Ndugu msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla ya chakula, ondoa kiti mezani, wakusanye watoto na mwenzio, mjipime wote kwa sekunde 30. Mtacheka kidogo. Kisha kila mmoja aandike kiungo chake dhaifu, na juma hili akianze hicho.