Mtoto Mmoja, Walimu Watatu Wasiosemezana

Mtoto wa shule ya msingi katika visiwa vya Lamu aghalabu ana walimu watatu. Asubuhi yumo mikononi mwa mwalimu wa shule, akihesabu na kusoma. Alasiri yuko mbele ya mwalimu wa chuo, msahafu ukiwa juu ya marufaa. Na jua likishatua yumo chini ya ulinzi wa mama, nyanya au shangazi, ambaye kwa hakika ndiye mwalimu wake wa kwanza na wa mwisho. Watatu hawa wanailea nafsi moja, wanaugawana mwili mmoja na kichwa kimoja. La kusikitisha ni kwamba ni nadra sana kuwaona wameketi pamoja kumzungumzia mtoto huyo.

Matokeo ya kutosemezana huko yanajulikana na kila aliyewahi kufundisha Amu, Shela, Matondoni, Siyu, Faza au Kizingitini. Mtoto anasinzia darasani, na mwalimu anadhani ni mvivu. Anachelewa chuoni kwa kuwa amezuiliwa shuleni, na mwalimu wa chuo anamwona mtoro. Anarudi nyumbani akiwa hoi, mama anamtuma kisimani, akinung'unika anaambiwa kuwa shule imemharibu adabu. Kila mmoja wa watu wazima hao ana haki kwa kiasi chake, lakini mtoto ndiye anayelipa gharama ya haki zao zote tatu.

Hali haikuwa hivi tangu zamani. Katika visiwa hivi nyumba ilikuwa shule kabla serikali yoyote haijajenga darasa. Takribani mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wosia ambao hadi leo unasomwa na wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Tunaweza kukubaliana au kutokubaliana na baadhi ya mafunzo yake kuhusu ndoa. Lakini hakuna awezaye kukana kuwa yule alikuwa mzazi aliyeona kuwa kumfunza mtoto ni kazi yake mwenyewe, hata katika maradhi. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, Habib Swaleh alianza kuwasomesha watoto wa wanyonge ambao wenye vyeo waliwadharau, na kazi yake ikazaa Msikiti na chuo cha Riyadha. Mafunzo ya wakati huo yalikuwa ndani ya mtaa. Mwalimu alimjua baba, baba alimjua mwalimu, na majirani waliwajua wote wawili.

Shule ya serikali ilipokuja, ilikuja na kalenda yake, lugha yake na walimu ambao wengi wao walitoka mbali. Hilo si kosa. Walimu waliotoka bara na kukubali kuvuka bahari kwenda kufundisha Ndau au Kiwayu wanastahili shukrani. Kosa ni kwamba hatukujenga daraja kati ya shule hiyo na maisha ya mtoto nje ya lango lake. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2003, wazazi wengi wameichukulia kuwa ni shughuli ya serikali tu: mtoto anapelekwa Januari na kuchukuliwa anapomaliza.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliweka nafasi ya chama cha wazazi shuleni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inasema kuwa wajibu wa kumtunza mtoto ni wa mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 nao unamhesabu mzazi kuwa mshiriki katika masomo ya mwanawe. Lakini mikutano mingi ya wazazi imegeuka kuwa ya madawati, michango na lawama. Mzazi huitwa shuleni mtoto akivunja dirisha. Haitwi mtoto anapoanza kunyamaza. Si ajabu basi kuwa barua ya shule ikifika nyumbani, swali la kwanza huwa: amefanya nini tena?

Na wakati wa mikutano hiyo wenyewe haukupangwa kwa kuwatazama watu wa visiwani. Hapa maisha huendeshwa na pepo mbili. Wakati wa kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, bahari hutulia, wavuvi huenda mbali, na wengine hulala nje siku kadhaa. Inapovuma kusi, kuanzia Aprili na kuendelea, bahari kuu huchafuka, vyombo vingi hubaki ndani ya mikono ya bahari na bandarini, na mapato hupungua. Mwalimu na atazame kalenda yake: muhula wa pili, unaoanza karibu na Mei na kumalizika Agosti, ni muhula wa kusi. Ni muhula ambao baba yuko nyumbani na chungu kimepungua uzito.

Katika jambo hili moja kuna mafunzo mawili. Kwanza, ikiwa shule inataka kuwaona akina baba, iwaite wakati wa kusi, si Februari, ambapo wako baharini, halafu tukasema kuwa hawajali. Pili, mtoto ambaye maendeleo yake yanashuka katika muhula wa pili huenda hakupungukiwa na akili bali na chakula. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliikabidhi serikali ya Kenya kazi ya kuwalisha wanafunzi mwaka 2018. Wajibu huo sasa ni wetu wenyewe. Kikombe cha uji saa nne asubuhi, katika miezi ya kusi, kina thamani kuliko vitabu vingi vya marudio. Shule za kisiwa cha Pate, ambako visima vingi vina maji ya chumvi na watu hutegemea mvua inayokusanywa katika majabia, zinajua pia kuwa ukame unapoingia, mtoto hufika darasani akiwa amekwisha kufanya kazi ya punda.

Jambo la pili ni usingizi na wakati. Mtoto anayeondoka nyumbani alfajiri, akasoma shuleni hadi alasiri, akaenda chuoni, kisha akarudi na kazi za shule za kufanya kwa taa, ana siku ndefu kuliko karani wa afisi. Hatusemi kuwa chuo kipunguzwe wala shule ipunguzwe. Wazazi wa Lamu hawatakubali mtoto akose dini, wala hawapaswi kukubali akose elimu ya dunia. Tunasema tu kwamba mwalimu mkuu na walimu wa vyuo vya mtaa wake wanaweza kuketi siku moja mwanzoni mwa kila muhula wakalinganisha saa zao. Wiki ya mtihani shuleni, chuo kimwachilie mtoto mapema. Siku za khitma, au za Maulidi yanayoujaza mji wa Amu wageni, shule isirundike kazi za nyumbani. Jambo dogo kama hili halihitaji bajeti wala waraka kutoka Nairobi. Linahitaji salamu na kikombe cha kahawa.

Jambo la tatu ni lugha. Mtoto wa Amu anayeingia darasani akisema "moya", "mai", "ndia" na "kitwa" hakukosea. Anasema lugha ya mama yake, lugha ambayo mashairi makuu ya Kiswahili yaliandikwa kwayo kabla lahaja ya Unguja haijateuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kadhalika mtoto wa Kizingitini na Kitikuu chake. Mwalimu anayemcheka mbele ya wenzake anamfundisha kuwa nyumbani kwao kuna jambo la kuonea haya. Mwalimu mwenye busara atamwambia: hivyo ndivyo tusemavyo nyumbani, na hivi ndivyo tuandikavyo katika mtihani. Mtoto atabeba vyote viwili bila uzito, na atamwamini mwalimu huyo siku atakapokuwa na jambo zito la kusema.

Na mambo mazito yapo. Mwaka 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni na vijiji vya jirani, Lamu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na uvuvi wa usiku ukazuiwa. Shule za jamii ya Waboni katika wadi ya Basuba zilifungwa kwa kukosa usalama. Watoto wa wakati ule leo ni vijana, na baadhi yao ni wazazi. Hofu hurithiwa kama nyumba inavyorithiwa. Isitoshe, mihadarati imeingia katika mitaa yetu, na wapo watoto wanaorudi nyumbani kwa kaka au baba aliyekwisha kutekwa nayo. Mtoto kama huyo hasemi. Huonyesha kwa kupigana, kwa kukojoa kitandani, kwa kutoroka, au kwa kukaa kimya nyuma ya darasa. Kumpiga ni kuizima sauti ya mwisho aliyobaki nayo. Fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na sheria ya mwaka 2013 ikakariri katazo hilo. Ni vyema katazo hilo liingie pia chuoni na nyumbani, si kwa kuogopa polisi, bali kwa sababu mtoto anayemwogopa kila mtu mzima hatakuwa na wa kumkimbilia siku atakapoguswa na mtu mbaya.

Wapo watakaosema kuwa tunawatwika walimu mzigo usio wao. Madarasa yana wanafunzi wengi, walimu ni wachache, na mshahara ni ule ule. Vipi mwalimu awe pia mlezi na tabibu wa nyoyo? Hoja hiyo ina uzito, na serikali isijifiche nyuma ya moyo wa kujitolea wa walimu ili kukwepa kuwaajiri wengine. Lakini hatumwombi mwalimu atibu. Tunamwomba aone na aulize. Mwalimu wa darasa akiwa na daftari dogo, akaandika nani hakula, nani hakulala, nani amebadilika, atakuwa na la kumwambia mzazi zaidi ya alama za hisabati. Afisa wa watoto na kituo cha afya wapo kwa yale yanayomshinda.

Wapo pia wazazi wanaosema: mimi sikusoma, nitamsaidiaje mtoto? Hili ni kosa kubwa la kujidharau. Mama asiyejua kusoma anaweza kumuuliza mtoto leo amejifunza nini na akamsikiliza mpaka mwisho. Anaweza kumpangia saa ya kulala. Baba anayejua kuunda mashua Matondoni, au kusoma nyota na mikondo ya maji, ana elimu ambayo mtaala wa sasa unaitaka darasani. Shule imwalike. Siku mtoto atakapomwona baba yake amesimama mbele ya darasa akieleza jinsi ubao unavyopindwa, atajua kuwa elimu haikuja kumdharau mzee wake.

Kuna sababu ya kuharakisha. Mtihani wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na tangu mwaka huo madarasa ya sekondari ya chini yamewekwa katika shule za msingi. Maana yake ni kuwa mtoto wa kisiwani hukaa karibu na nyumbani mwaka mmoja zaidi, hadi gredi ya tisa, katika umri wa kubaleghe ambao ndio mgumu kuliko wote. Mwaka huo ni neema kwa mzazi aliye macho. Kwa mzazi aliyelala ni mwaka mmoja zaidi wa mtoto kuzurura ufukoni.

Kwenu wanafunzi tuna neno moja. Mzazi au mwalimu asiyeuliza si lazima kuwa hapendi. Pengine hajui pa kuanzia. Anzeni nyinyi. Mwambieni mtu mmoja mnayemwamini, na mwenzenu akiwaeleza shida yake msimfanye mchezo wa uwanjani.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa kila shule ya visiwa hivi, kuanzia muhula ujao. Mkutano mmoja wa wazazi ufanywe wakati wa kusi, na ajenda yake iwe mtoto, si michango. Walimu wa vyuo waalikwe kama wageni wa heshima na wapewe nafasi ya kusema. Na kila mzazi, awe mama au baba, asikie kutoka kwa mwalimu wa darasa angalau jambo moja jema kuhusu mwanawe kabla hajasikia baya.

Wahenga walisema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Mtoto wa Lamu hakukosa mikono. Anayo mingi kuliko watoto wengi wa miji mikubwa. Iliyobaki ni mikono hiyo kujuana.