Mzee kwa Mwajiri, Kijana kwa Mfuko wa Pensheni

Kila anayetafuta kazi serikalini nchini Tanzania analijua sharti la kwanza katika matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa wale ambao tayari wako kazini serikalini. Sheria za hifadhi ya jamii nazo zina mstari wake. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni miaka 60. Mistari hii miwili ikiwekwa pamoja, katikati linabaki pengo la miaka kumi. Mtu aliyepunguzwa kazi akiwa na miaka 46, baada ya kutumikia benki au kiwanda kwa zaidi ya miaka ishirini, anaambiwa na mwajiri mkubwa kuliko wote nchini kwamba umri umempita. Akigeukia mfuko aliouchangia tangu ujana wake, anaambiwa umri wa pensheni haujafika. Dola haiwezi kuishika mistari yote miwili kwa pamoja na bado ikadai inamtendea haki mtu huyu. Ama miaka 46 ni umri wa kufanya kazi, basi mlango wa ajira uwe wazi, ama si umri wa kufanya kazi, basi apewe cha kumsitiri. Mimi naamini ni umri wa kufanya kazi, na kwamba mstari wa 45 ufutwe.

Wanaotumbukia katika pengo hili si watu walioshindwa kazi zao. Mara nyingi ni kazi zenyewe zilizohama. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata. Baadaye benki zikaruhusiwa kutumia mawakala, na shughuli iliyokuwa ikifanyika kwenye kaunta ya tawi ikahamia dukani, kisha ikahamia kwenye simu ya mteja. Keshia aliyeajiriwa mwaka 2000 akiwa na miaka 23 alijifunza kazi iliyohitaji umakini mkubwa, akaifanya vizuri, na leo anaona tawi lake limebaki na kaunta mbili. Mambo kama hayo yamewapata wapiga chapa wa magazeti, makatibu muhtasi, na makarani waliokuwa wakibeba makabrasha ya forodha kabla nyaraka hazijaingia kwenye mifumo ya kompyuta. Wimbi la miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa na maelfu kupunguzwa, liliwaondoa watu kwa kishindo na taifa zima likajua. Wimbi la sasa linaondoa watu wachache wachache, idara baada ya idara, nyingine kwa jina la kustaafu mapema kwa hiari, na kwa sababu hiyo halizungumzwi inavyostahili.

Kwanza tutazame sheria inampa nini mtu huyu anapotoka kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amlipe kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, lakini inaweka kikomo cha miaka 10. Maana yake ni kwamba aliyetumikia miaka 10 na aliyetumikia miaka 22 wote wanapata siku 70. Ipo mikataba ya vyama vya wafanyakazi inayotoa zaidi, lakini kiwango cha sheria ndicho hicho. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, aliyepunguzwa hulipwa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka bila kikomo cha namna hiyo, hivyo mtu yule yule wa miaka 22 angepata siku 330. Tofauti hii si ndogo. Kikomo cha Tanzania kinamwadhibu hasa mtu wa makamo, kwa kuwa ndiye pekee mwenye miaka mingi ya kuhesabiwa. Fao la kukosa ajira, lililokuja na mabadiliko ya mifuko mwaka 2018, ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Kwa kijana wa miaka 27 miezi sita inaweza kutosha kupata kazi nyingine. Kwa mtu ambaye matangazo ya kazi yenyewe yanamkataa, miezi sita itapita bila hata kuitwa kwenye usaili.

Ushauri anaopewa ni ajiajiri: fuga kuku, fungua duka, nunua bodaboda. Wapo waliofaulu, na wanastahili heshima yao. Lakini tuangalie mtaji unatoka wapi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwanamume wa miaka 48 asiye na ulemavu hayumo katika kundi lolote kati ya hayo. Kenya nako, zabuni za serikali zinazotengwa kwa asilimia 30 ni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sisemi makundi hayo yapunguziwe hata shilingi moja. Yalitengwa kwa sababu za kweli. Ninachosema ni kwamba ukimfungia mtu mlango wa ajira kwa umri, kisha ukampangia dirisha la mkopo ambalo nalo linamkataa, ushauri wa kujiajiri unabaki maneno matupu.

Jambo linalopaswa kutushtua zaidi ni kwamba sheria ile ile ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na kuutaja umri miongoni mwa misingi isiyoruhusiwa. Kifungu hicho kinasema wazi kwamba mfanyakazi anayelindwa ni pamoja na mwombaji wa kazi. Msamaha upo pale sifa inayotakiwa inapotokana na asili ya kazi yenyewe. Rubani, mzamiaji na mwanamichezo wanaeleweka. Mhasibu, mtunza ghala na ofisa ugavi je? Hakuna kitu katika asili ya kazi hizo kinachokatika siku mtu anapotimiza miaka 46. Serikali yenyewe inakiri hivyo inapowaruhusu watumishi wake waliovuka umri huo kuomba nafasi zile zile. Ofisa wa wizara mwenye miaka 50 anaweza kuomba. Mwenzake wa miaka 46 kutoka kampuni binafsi, mwenye shahada ile ile, hawezi. Hata maprofesa na madaktari bingwa wameongezewa umri wa kustaafu hadi 65, kwa sababu nchi iligundua kwamba ujuzi wao haupatikani kwa haraka. Waajiri binafsi nao wanaiga. Matangazo yanayodai umri kati ya miaka 25 na 35 ni ya kawaida kiasi kwamba msomaji hayashangai tena, na ni vigumu kumlaumu mwenye kampuni ndogo kwa kufanya kile anachoona dola ikifanya. Wala mwombaji hana pa kujificha. Namba ya kitambulisho cha taifa anayotakiwa kuijaza kwenye mfumo wa maombi inaanza na mwaka wake wa kuzaliwa.

Zipo hoja za upande wa pili zinazostahili kujibiwa kwa uzito wake. Ya kwanza ni hesabu ya pensheni. Ili mtu apate pensheni ya uzeeni anahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15; anayeanza kazi akiwa na miaka 45 anaifikia akiwa na 60 kamili, na hapo ndipo mstari unapopata mantiki yake. Hesabu hii ilikuwa na maana kwa mtu anayeanza kuchangia siku hiyo. Aliyepunguzwa kazi na kampuni binafsi hayuko hivyo. Ana miaka 18 au 20 ya michango iliyokwisha kulipwa, na haifutiki kwa sababu amebadili mwajiri. Na kwa yule ambaye kweli hana mchango wowote, mkataba wa muda maalumu unaomaliza hoja hiyo upo tayari na serikali inautumia. Kumnyima mtu mshahara leo kwa sababu hatafikisha pensheni kesho ni kumwacha akose vyote viwili.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni vijana. Katika nchi ambayo watu wengi hawajafika miaka 25, na ambako maelfu ya wahitimu wanagombea nafasi chache, mtu mwenye huruma anaweza kuuliza kwa nini nafasi apewe aliyekwisha kula mshahara kwa miaka ishirini. Ulaya ilijaribu kulijibu swali hili kwa kuwaondoa wazee. Ufaransa ilishusha umri wa kustaafu hadi 60 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tumaini mojawapo lilikuwa kwamba vijana wangeingia kwenye viti vilivyoachwa. Wachumi Jonathan Gruber na David Wise walipohariri utafiti wa nchi 12 zilizoendelea, uliochapishwa mwaka 2010, hawakuona ushahidi kwamba kuwatoa wazee kazini kuliwaongezea vijana ajira. Nakubali kwamba uchumi wetu si wa Ufaransa. Nafasi za serikali zina idadi iliyopangwa kwenye bajeti, na katika nafasi moja mahususi kweli anaingia mmoja. Lakini nafasi hizo ni sehemu ndogo ya ajira ya nchi, na mstari wa 45 haukuishia hapo. Umesambaa hadi kwenye soko zima. Isitoshe, katika familia zetu mshahara wa mtu wa makamo ndio unaolipa ada ya chuo. Ukikatika, kijana yule tunayedai kumtetea anaacha masomo na kuingia sokoni bila cheti. Kumpambanisha mzazi na mwanawe kwenye foleni moja si sera ya ajira kwa vijana. Sera ya ajira kwa vijana ni kuongeza kazi.

Wengine wanasema tatizo ni teknolojia: mtu wa makamo ni mzito kujifunza. Hili lipimwe, lisidhaniwe. Axel Börsch-Supan na Matthias Weiss walifuatilia makosa ya wafanyakazi katika kiwanda cha kuunganisha malori nchini Ujerumani na hawakuona tija ikishuka hadi umri wa miaka 60, kwa sababu wenye umri mkubwa walijua kuyakwepa makosa makubwa yanayogharimu. Kama kazi inahitaji mtu anayejua programu fulani ya uhasibu, mpe mwombaji kompyuta siku ya usaili na umtazame. Dakika thelathini zitamwambia mwajiri zaidi ya tarehe ya kuzaliwa. Penye udhaifu wa kweli ni kwenye vyeti. Watu wengi wa kizazi hiki walijifunza kazi kazini. Mwaka 2017 watumishi wa elimu ya darasa la saba waliondolewa katika zoezi la uhakiki wa vyeti, na mwaka 2018 serikali ikaagiza walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warejeshwe. Miongoni mwao walikuwa madereva na watendaji wa vijiji waliokuwa wakizifanya kazi zao kwa miaka mingi. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na Kenya ilizindua sera yake ya jambo hilo mwaka 2024. Utaratibu huo ukifikishwa kwa fundi mitambo wa miaka 49 kabla hajapunguzwa, badala ya baada, ataingia sokoni na karatasi inayoeleza anachokijua.

Halafu lipo jambo ambalo waajiri hulisema pembeni tu. Meneja wa miaka 32 anaona taabu kumpa amri mtu anayepaswa kumwamkia shikamoo. Anahofia kupingwa, au kuonekana mkosefu wa adabu akimkosoa. Siichukulii hofu hii kuwa upuuzi, kwa sababu heshima kwa umri ni kitu tunachokiishi. Ila haina msingi wa kutosha kuwa sababu ya kumnyima mtu riziki. Nyerere aliiongoza Tanganyika kuingia uhuru akiwa na miaka 39, na serikali yake ilikuwa na watu waliomzidi umri. Wakuu wa wilaya wa miaka thelathini na kitu wanawasimamia wakuu wa idara wenye umri wa wazazi wao, na kazi zinaendelea. Watu wetu wanajua kumwamkia mtu asubuhi na kumdai ripoti mchana. Mwajiri mwenye wasiwasi amwulize mwombaji kwenye usaili kama yuko tayari kupokea maelekezo kutoka kwa mdogo wake kiumri. Ni swali halali, na jibu lake lina maana kuliko kubahatisha.

Mtu anaweza kusema sheria haibadilishi mioyo ya waajiri, na ushahidi anao. Marekani ilipitisha mwaka 1967 sheria ambayo leo inawalinda wafanyakazi wa miaka 40 na kuendelea. Hata hivyo David Neumark na wenzake walipotuma maombi ya kubuni zaidi ya 40,000, wanawake wa miaka ya sitini walioomba kazi za ofisini waliitwa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 47 kuliko vijana. Ubaguzi haukufutika. Lakini kule ilibidi watafiti watege mtego ili waunase, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuuandika. Huku umeandikwa kwenye tangazo, na kazi yetu ya kwanza ni nyepesi kuliko yao.

Sharti la 45 linaweza kuondolewa kwa uamuzi wa serikali katika utaratibu wake yenyewe wa ajira, na nafasi yake ichukuliwe na agizo kwamba taasisi yoyote inayotaka kuweka kikomo cha umri ieleze kwa maandishi ni kitu gani katika kazi hiyo kinachokihitaji. Maofisa kazi wanayo mamlaka ya kuwaita waajiri binafsi wanaotangaza umri na kuwauliza swali hilo hilo. Kikomo cha miaka 10 katika kiinua mgongo kinahitaji Bunge, na vivyo hivyo muda wa fao la kukosa ajira, ambao ningependa ukue kulingana na miaka ya michango, ili aliyechangia miaka 20 asipewe miezi sawa na aliyechangia miwili. Hayo mawili yatachukua muda na yana gharama ambazo mifuko na waajiri watataka kuzijadili. La kwanza, la kufuta sharti la 45, halina gharama yoyote, na linaweza kuanza na tangazo linalofuata.