RAM ya uongo: simu ya bei ya chini inatugharimu ngapi?

Vijana wenzetu wa Butembo, na ninyi wa Beni, Bunia, Kisangani na popote mnaposoma ukurasa huu,

Leo hatuandiki juu ya barabara wala juu ya mauaji. Tunaandika juu ya kile kitu ulichoshika mkononi sasa hivi. Kwa wengi wetu ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote tulivyo navyo. Gari hatuna, shamba hatuna, diploma iko ndani ya bahasha inangoja kazi. Lakini simu tuko nayo. Ndani yake mna makuta yetu, mna majibu ya kazi tulizoomba, mna mafoto ya ndugu zetu waliokufa. Kwa hiyo kuchagua simu si jambo la sifa tu. Ni jambo la makuta, na ni jambo la uraia.

Nianze na yangu. Mwaka jana nilinunua simu mpya kwa dola 65. Hizo dola nilizikusanya miezi mitano, nikichapa TFC za wanafunzi ukurasa kwa ukurasa. Muuzaji alinipangia sifa zote: "Iko na giga 128, RAM 8, kamera nne. Kwa hii bei, mdogo yangu, hautaipata fasi ingine." Mimi ambaye nimemaliza chuo kikuu nilimwamini sawa mtoto. Nililipa bila fakitire, nikarudi nyumbani kwa miguu kwani hata franga ya moto haikubaki.

Miezi minne ilienda vizuri. Mwezi wa tano tulienda kwenye bariera moja ya barabarani, pale akina mama wanaotoka shambani walikuwa wanalipishwa franga bila risiti. Nilichukua video ya dakika kumi na moja. Sura zinaonekana, sauti inasikika, makuta inatoka mkono huu inaingia mkono ule. Mama mmoja alikubali kusema mbele ya kamera, na kila mtu anajua kusema mbele ya kamera hapa kwetu ni kujihatarisha. Jioni tulipotaka kuihamisha ile video kwenye kompyuta, ilikataa kufunguka. Tukajaribu mafoto ya zamani, nayo yalikuwa yamegeuka kijivu.

Fundi aliichunguza akacheka, si kwa ubaya. Ndani mlikuwa na giga 16 tu. Ile 128 ilikuwa imeandikwa kwenye programu ili simu ijidanganye yenyewe, kisha ikudanganye wewe. Ukijaza zile 16, inaanza kuandika vipya juu ya vya zamani, na vyote vinaharibika.

Tulipopeleka malalamiko, mwenye ofisi alituuliza swali moja tu: "Ushahidi uko wapi?" Tulirudi mikono mitupu. Dola 65 zinauma, lakini kilichoniuma zaidi ni kurudi kwa yule mama na kumwambia kwamba maneno yake yamepotea. Aliniangalia tu. Hakuniuliza kitu.

Bei ya kwenye vitrini si bei ya simu

Tumezoea kuuliza: "Ni dola ngapi?" Swali la kweli ni: "Ni dola ngapi kwa mwezi?" Chukua bei, gawa kwa miezi ambayo simu itakutumikia. Simu ya dola 60 inayokufa kwa miezi 8 inakulipisha dola 7 na nusu kila mwezi. Simu ya dola 90 inayoishi miezi 30 inakulipisha dola 3. Ile ya kwanza ndiyo ya bei ya juu, ingawa sokoni inaitwa ya bei ya chini. Na bado hujahesabu kioo kilichobadilishwa, betri iliyovimba, na mamega yaliyoisha bila wewe kujua yameenda wapi.

Hayo mamega si maneno ya mitaani tu. Mwaka 2020, watafiti wa Secure-D walisema wamekuta programu mbaya zimewekwa ndani ya simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, kati yake Ethiopia, Kameruni, Misri na Ghana. Zile programu zilikuwa zinamwandikisha mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Kampuni inayotengeneza simu hizo ilisema kosa lilitoka kwa mmoja wa waliopitia kati ya kiwanda na soko. Basi mara nyingine mtu analalamikia kampuni ya mtandao, kumbe mwizi anaishi ndani ya telefone yake.

Hatusemi kila simu ya makuta kidogo ni mbaya. Hiyo ingekuwa uongo, na ingekuwa dharau kwa yule asiye na zaidi. Kuna simu ya dola 70 yenye RAM 2 na Android Go, ile Android nyepesi iliyotengenezwa kwa simu ndogo, inayofanya WhatsApp, foto na radio bila kelele. Na kama unatafuta tu kupiga na kupokea makuta ya simu, simu ndogo ya vitufe inatosha: pesa inapita kwa kodi za nyota na za reli bila intaneti, na betri inakaa siku nyingi. Ubaya si udogo wa simu. Ubaya ni simu kuuzwa kwa jina ambalo haina.

Kabla ya kutoa makuta

Tumeulizana na mafundi, tumeulizana sisi kwa sisi, na haya ndiyo tunayoshauri.

Andika *#06# kama unayepiga simu. Itatokea namba ya IMEI, yenye tarakimu 15. Simu ya kadi mbili inaonyesha mbili. Linganisha na ile ya kwenye karatoni. Zikitofautiana hata tarakimu moja, rudisha simu ukasalimie mwenye duka.

Angalia RAM kwa macho mawili. Wakiandika 8 kwa herufi kubwa, tafuta chini kama hawakuandika 4+4. Ile 4 ya pili si RAM. Ni sehemu ya akiba ya simu inayoazimwa kusaidia, na ina mwendo wa pole sana. Hesabu ile ya kwanza peke yake.

Usiamini giga kwa sababu simu yenyewe inasema. Ya kwangu ilisema pia. Njoo na rafiki mwenye filamu nyingi kwenye kompyuta au kwenye kadi, zihamishe giga ishirini, thelathini, kisha zifungue moja moja, za kwanza na za mwisho. Inakamata wakati, ndiyo. Miezi mitano ya kuchapa TFC inakamata wakati zaidi.

Kamera usizihesabu. Nne nyuma zinaweza kuwa moja inayofanya kazi na tatu za mapambo. Ziba moja moja kwa kidole huku unapiga foto, uone kama kuna kinachobadilika.

Ingia kwenye mipangilio uangalie toleo la Android na tarehe ya mwisho ya kurekebisha usalama. Simu inayouzwa leo ikiwa na tarehe ya miaka mitatu nyuma, imezaliwa ikiwa mzee. Mnakumbuka Oktoba 2023, WhatsApp iliacha simu zote zilizo chini ya Android 5. Simu zilikuwa nzima, zinawaka, lakini wenyewe walibaki nje ya mlango.

Na ukichukua ya okazi, iliyotumika Ulaya au Dubai, mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, kisha muiwashe tena. Ikiomba akaunti ya mtu mwingine, hiyo simu bado si yake kuuza. Labda hata ni ya wizi.

Mwisho, weka kadi yako wewe, si ya kwake, uone kama 4G inakamata.

Tunakumbuka RAM ingine

Lakini je, ni haki kila kijana awe fundi ili asiibiwe? Mama anayeuza mihogo sokoni atajuaje habari za 4+4? Hapo ndipo jambo hili linatoka mfukoni mwetu na kuingia kwenye ofisi za serikali.

Wote tunakumbuka ile RAM ingine. Mwaka 2020 serikali ilianzisha rejista ya vyombo vya simu, na malipo yake: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G. Ilikatwa moja kwa moja kwenye inite zako. Unaweka inite asubuhi, unataka kumpigia mama mchana, hakuna kitu. Na sababu tuliyopewa ilisikika vizuri: kupigana na simu za uongo na za wizi, kila chombo kijulikane kwa IMEI yake.

Raia walikataa. Vijana walitoka barabarani. Mwaka 2021 waziri Augustin Kibassa aliitwa Bungeni ajieleze, na mwanzo wa 2022 ile RAM iliondolewa. Ilikuwa ushindi wa raia na tunajivunia. Lakini tuseme ukweli kati yetu: tulidai waache kukata inite zetu, wakaacha, tukarudi nyumbani. Hatukuuliza swali la pili. Ile kazi tuliyolipishwa, ya kutulinda na simu za uongo, ilifanywa? Makuta iliondoka, simu za uongo zilibaki. Yangu ya dola 65 niliinunua baada ya hayo yote, mchana kweupe, kwenye duka lenye mlango.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi Wakongomani kuliko wengine. Ndani ya simu nyingi mna tantali, na tantali inatoka kwenye koltani. Rubaya, kule Masisi, vijana wa umri wetu wanaichimba kwa jembe na mikono, na tangu Aprili 2024 machimbo hayo yako mikononi mwa M23. Betri nazo zinataka kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Lualaba. Simu inayokufa kwa miezi mitano maana yake ni kwamba udongo ule utachimbwa tena, na mwingine atashuka tena ndani ya shimo, ili sisi tununue tena ileile. Nchi inayotoa mali hiyo haistahili kuwa jalala la simu ambazo wengine wamezikataa.

Tunadai

Kwa OCC na DGDA: simu zinazoingia Kasindi zichunguzwe kwa kweli, si kuhesabiwa karatoni na kulipishwa tu. Simu moja kutoka kila shehena ifunguliwe na ijazwe giga zake mbele ya watu.

Kwa ARPTC: tangazeni orodha ya aina za simu zilizokubaliwa nchini, na mfungue njia ya bure ambapo raia anatuma IMEI na kupata jibu kabla hajalipa. Mliweza kutufikia kwenye kila simu mlipokuwa mnakata dola 7. Basi mnaweza kutufikia pia kwa kutulinda.

Kwa serikali: hesabu ya makuta ya RAM iwekwe wazi yote. Iliingia ngapi, ilikwenda wapi, ilinunua nini.

Kwa wafanyabiashara wetu: tunajua mnavyoteseka njiani, bariera juu ya bariera, na tunajua wengine mnadanganywa kule kule Guangzhou na Dubai kabla hamjatudanganya sisi. Mnatuambia pia kwamba vijana wenyewe wanataka bei ya chini na sifa ya juu. Ni kweli, na kosa hilo tunalikubali. Lakini toeni fakitire yenye IMEI na siku saba za kurudisha. Anayeuza kitu cha kweli hapotezi kitu.

Na kwetu sisi: hatutavunja duka la mtu, hatutamtukana muuzaji. Silaha yetu ni ndogo na kila mmoja anayo. Kabla ya kutoa makuta, omba fakitire iliyoandikwa IMEI, giga na RAM ya kweli. Akikataa, mshukuru, ondoka. Mmoja akiondoka, muuzaji atacheka. Kumi wakiondoka kwa siku moja kwenye duka moja, jioni atatafuta kitabu cha fakitire.

Mimi ile simu bado ninayo. Inapiga, inapokea, haiwezi kuchunga foto hata moja. Tumepanga kurudi kwenye ile bariera, safari hii tukiwa na simu mbili zilizojaribiwa. Yule mama tulimuuliza kama atakubali kusema tena. Alijibu: "Nitasema. Lakini ninyi kwanza mnionyeshe hiyo telefone inachunga maneno."

Ana haki. Tuanze hapo.

Butembo, kwa jina la vijana wa vuguvugu letu la raia.