Fisi Jirani wa Mji

Aghalabu fisi akitajwa mbele ya watoto, watoto hucheka. Katika ngano wanazosimuliwa na bibi zao yeye ndiye mlafi aliyeshindwa na njia mbili, ndiye mwoga, ndiye mjinga anayedanganywa na sungura kila siku. Askari aliyewahi kushika lindo la usiku karibu na pori hacheki sana, kwa maana anaijua ile sauti inayoanzia chini na kupanda juu ghafla, na anajua kwamba mwenye sauti hiyo yumkini yuko karibu kuliko inavyodhaniwa. Lakini iko miji katika nchi ya Ethiopia ambamo sauti hiyo husikika mitaani kila usiku, na wenyeji wakigeuka upande wa pili kitandani na kuendelea na usingizi.

Mji maarufu kupita yote kwa jambo hili ni Harar, ulioko mashariki ya nchi hiyo. Ni mji mkongwe wa Kiislamu, wenye misikiti mingi na vichochoro vyembamba, nao umezungukwa na ukuta wa mawe uliojengwa katika karne ya 16, zama za Amir Nur. Mwaka 2006 Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa liliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Ukuta una malango ya watu, na chini yake mna matundu ambayo wenyeji huyaita kwa jina la fisi. Giza likishaingia, fisi hupenya, hupita vichochoroni, huokota mifupa na matumbo yaliyotupwa na majiko na mabucha, na kabla ya mapambazuko hurudi walikotoka. Mtu akikutana na fisi kichochoroni, kila mmoja humpisha mwenzake.

Nje ya ukuta wako watu ambao tangu miaka ya katikati ya karne ya 20 wamefanya kazi ya kuwalisha fisi kila jioni. Humwita kila mmoja kwa jina lake na kumpa kipande cha nyama juu ya kijiti, na wageni hulipa ili watazame. Hayo ni ya watalii. Ya wenyeji ni ya zamani zaidi. Wapo wanaosadiki kwamba fisi huwala majini wanaoudhi watu majumbani, na kwa hiyo kupita kwake mtaani ni heri. Kadhalika katika siku za Ashura fisi hutengewa uji mzito wenye samli, na namna watakavyoula huchukuliwa kuwa ni dalili ya mwaka utakavyokuwa. Husimuliwa kuwa zamani ilitokea njaa kubwa, fisi wakaanza kuwashambulia watu, na wazee wakaona bora wawapikie uji ili pawe na amani. Msomaji ana hiari ya kusadiki au kutosadiki, ila ndani ya kisa hicho mna akili: wazee hao walitambua kuwa mwenendo wa fisi hutokana na tumbo lake.

Na tumbo hilo si la kawaida. Fisi madoa ana taya zenye nguvu za kuvunja mfupa wa ng'ombe, na tumbo lake husaga mfupa huo hata kinyesi chake kikawa cheupe kama chokaa. Hula mzoga uliooza, hata wa mnyama aliyekufa kwa kimeta, naye kwa kawaida asidhurike. Si kweli kwamba anategemea mabaki ya simba tu, kwani porini huwinda mwenyewe na kwa ustadi. Katika jamii yake majike ndio wakubwa na ndio watawala, na mtoto hurithi cheo cha mama yake. Mnyama wa akili za namna hiyo hakawii kujifunza saa ambayo machinjio hutupa takataka.

Huko Mekelle, mji mkuu wa jimbo la Tigray, wataalamu walijaribu kuihesabu kazi hiyo ya usiku. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 2021, nayo yahusu hali ya mji kabla ya vita vilivyoanza Novemba 2020. Walikadiria kuwa fisi wa hapo walikula tani 207 za mizoga kwa mwaka, na kwamba kwa kufanya hivyo waliwaepusha watu 5 na mifugo 140 na maradhi ya kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe kila mwaka. Manispaa isiyo na magari ya kutosha ya taka ilikuwa, bila kuandika mkataba, na wafanyakazi wasiodai mshahara.

Hata hivyo mshahara upo, nao hudaiwa kwa njia nyingine. Kaskazini ya Ethiopia waumini wa Kanisa la Orthodox hufunga siku 55 kabla ya Pasaka, na katika siku hizo hawali nyama, maziwa wala mayai. Mabucha hufungwa, mifupa haitupwi. Je, fisi naye hufunga? Wataalamu waliokota kinyesi chake na kuchunguza nywele zilizomo, na matokeo wakayatangaza mwaka 2012. Kabla ya mfungo nywele za punda zilikuwa kiasi cha asilimia 15. Wakati wa mfungo zikafika asilimia 33. Baada ya Pasaka, mabucha yalipofunguliwa, zikashuka hadi asilimia 22. Maana yake ni kwamba jiko la binadamu lilipozimwa, fisi aligeukia zizi. Na huko punda si mnyama wa kudharauliwa. Ndiye abebaye maji, kuni na nafaka za sokoni, na familia maskini ikimpoteza, mzigo wote huhamia mgongoni mwa mama na watoto.

Wala haifai kuficha kwamba fisi huweza kumdhuru mtu. Nchini Ethiopia wamejeruhiwa na kuuawa watu, hasa watoto na wale wasio na makao walalao nje. Ndiyo sababu kila yatokeapo maafa, raia hudai wanyama wakamatwe na kupelekwa mbali. Dai hilo ni la haki, lakini dawa yake imewahi kuleta ugonjwa. Wilayani Junnar, magharibi ya India, ambako chui huishi katikati ya mashamba ya miwa, kuanzia mwaka 2001 chui walikamatwa kwa wingi na kuachiliwa misituni, wastani wa kilomita 40 hivi kutoka walikonaswa. Mashambulizi dhidi ya watu yalikuwa wastani wa 4 kwa mwaka. Baada ya zoezi hilo yakafika 17. Mnyama aliyetupwa ugenini hana njia anazozijua wala mawindo aliyoyazoea, na hutangatanga karibu na nyumba za watu.

Kwa hiyo kazi kubwa hurudi nyumbani, na nyumba za kambini hazimo nje ya hesabu hiyo. Mifupa na matumbo yakizikwa kwenye shimo refu lililofunikwa, au yakichomwa siku ile ile, mnyama wa usiku hana sababu ya kuzoea mlango. Kuku na mbuzi wafungiwe kabla ya giza, na zizi liwe na paa na mlango, si miiba peke yake. Watoto wasilale nje hata wakati wa joto, na aendaye msalani usiku achukue taa na mwenzake. Mbwa waliokufa wasitupwe nyuma ya nyumba.

Tena fisi, kama mbwa, huweza kubeba kichaa cha mbwa. Aliyeumwa na mnyama yeyote kati ya hao aoshwe jeraha kwa maji mengi yatiririkayo na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano za kinga, hata kama jeraha ni dogo na halitoki damu nyingi. Ugonjwa huo dalili zake zikishaonekana, karibu hakuna mtu anayepona.