Akitaka nyongeza, usikimbilie hasira

Barua ninayoijibu wiki hii imetoka kwa bwana mmoja anayefanya kazi Nairobi, kwao Malava, Kakamega. Aliachana na mama mtoto wake miaka sita iliyopita na tangu hapo hutuma Sh3,000 kila mwezi. Sasa mama huyo, aliyebaki Malava na mtoto, anataka Sh8,000. "Ananikamua kama ng'ombe," bwana analalamika. "Nimeamua sitatuma hata senti mpaka ashike adabu."

Ndugu yangu, hapo umekosea. Ukizikata hizo elfu tatu, atakayelala njaa ni mtoto.

Unasema mlipoachana mtoto alikuwa na miaka saba. Leo ana kumi na mitatu. Viatu vya wakati ule havimtoshi, sahani anayomaliza si ile, na sekondari i karibu, pengine ya bweni, yenye godoro, sanduku na karo. Nawe unajua bei ya unga ilivyopanda.

Wasomaji wenye umri wanakumbuka kwamba sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba pesa za mtoto ilifutwa Kenya mwaka 1969, na akina mama wengi wakabaki na mzigo peke yao. Siku hizo zimepita. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata njia hiyo hiyo.

Lakini usidhani wajibu sawa ni kugawana kila shilingi nusu kwa nusu. Hakimu hutazama mapato na mali ya kila mzazi, watu wengine wanaomtegemea, na mahitaji ya mtoto. Kumpikia, kumfulia na kukesha naye akiugua malaria nako ni kutoa.

Unaandika kwamba mama huyo "ana miwa". Soma barua yako tena: shamba ni la babake. Isitoshe, wewe mtu wa Malava unajua muwa hukaa shambani kama mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa. Mtoto hawezi kungoja hivyo kununuliwa daftari.

Je, lazima ukubali elfu nane? La. Huenda nyongeza ni halali lakini kiasi kimezidi. Mwombe akuandikie matumizi moja moja: chakula, sare, karo, hospitali. Nawe uonyeshe karatasi yako ya mshahara bila kuficha marupurupu. Msipoelewana, nendeni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Huyo huwaketisha wazazi, na mkipatana huandika mkataba mkautia sahihi. Unaweza hata kukubaliwa kulipa karo moja kwa moja shuleni.

Likishindikana hapo, kuna mahakama. Amri ya hakimu nayo inaweza kupandishwa au kuteremshwa hali ikibadilika. Kwa hivyo hata wewe ukifutwa kazi, rudi kwa hakimu ueleze. Anayenyamaza tu huona deni likirundikana. Tena usitume pesa kwa mkono wa shemeji, tuma kwa M-Pesa na uhifadhi ujumbe.

Limebaki lile ulilolitaja mwishoni kabisa, nami nadhani ndilo linalokuuma zaidi: hujamwona mtoto tangu Krismasi. Hilo ni dai la haki, lakini ni dai jingine. Usilitie kwenye mfuko mmoja na pesa. Mbele ya afisa yaseme yote mawili, kila moja kivyake.

Mwezi huu tuma zile elfu tatu kama kawaida. Kisha mpigie mama simu, umuulize viatu vya mtoto ni nambari ngapi.