TAMKO LA WABEBA MIZIGO SOKONI KUHUSU MAJERAHA YA MISULI YA MGONGO

Sisi wabeba mizigo katika masoko ya Dar es Salaam, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa wanachama, madereva, madalali na wenye mizigo.

Mwenzetu akishika kiuno, jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba ana ngiri. Jioni anauziwa chupa ya mizizi, kesho anarudi kwenye gari. Tunatamka wazi: kiuno kilichoanza kuuma pale pale gunia lilipotua begani, kwa kawaida ni msuli ulioumia. Ngiri yenyewe huonekana kwa uvimbe kinenani, nayo ni ya daktari.

Msuli wa mgongo ukiumia, maumivu huja ghafla ukiinua au ukijipinda na mzigo begani. Mara nyingine mchana unamaliza kazi salama, asubuhi unashindwa kuinuka kitandani. Yanakaa kiunoni, pembeni mwa uti wa mgongo, yanaweza kufika matakoni, ila ni nadra kuvuka goti. Ukibonyeza, nyama imekaza na panauma. Ukiinama yanazidi, ukilala na kukunja magoti yanatulia.

Jeraha la namna hii kwa wengi hupona ndani ya wiki chache. Kulala kutwa hakusaidii. Tembea polepole, kanda kwa maji ya moto, na mzigo uache kwanza. Kuhusu sindano ya diklofenaki, ambayo baadhi yetu wameigeuza chai ya asubuhi: inatuliza maumivu tu, msuli uko vile vile, na ukirudi kubeba ndipo unapozidi kuchanika. Dawa hiyo ikizoeleka huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Zipo dalili ambazo si za msuli. Maumivu yakishuka mguuni hadi unyayoni, pamoja na ganzi au mguu kulegea, huenda mshipa wa fahamu umebanwa, nenda ukapimwe. Homa, jasho la usiku na kukonda vikiambatana na mgongo unaouma, inawezekana ni TB ya uti wa mgongo. Na ukipata ganzi kwenye msamba, mkojo ukaziba au ukatoka wenyewe, au ukashindwa kuzuia choo, usisubiri kukuche: hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu ukichelewa unaweza kupooza. Tunajua habari za mkojo haziongeleki kijiweni. Basi mwambie kiongozi wa zamu peke yake, atakupeleka bila kukuuliza mengi.

Sasa tunawageukia wenye mizigo. Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Sheria yetu ya Vipimo inaruhusu gunia la mazao lisizidi kilo 100. Maana yake hata gunia halali ni karibu mara mbili ya uzito huo, sembuse lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu! Malipo yetu huhesabiwa kwa gunia, si kwa kilo, kwa hiyo kilemba kile kinabebwa bure. Na hatari kubwa ipo pale kwenye bodi la lori la Fuso: aliye juu anaachia, aliye chini hajakaa sawa, anajipinda kuudaka mzigo usianguke.

Kwa hiyo tunaagiza kwamba aliye juu asiachie mpaka aliye chini ajibu. Mwanachama mwenye dalili za msuli tulizozitaja ahamishiwe kazi ya kuhesabu magunia, wala asinyang'anywe zamu yake akipona. Gunia kamili libebwe na watu wawili au lipakiwe kwenye mkokoteni, na wote wawili walipwe. Lumbesa hatutaishusha. Mwenye mzigo asiyekubali atalikuta gunia lake juu ya gari.

Limetolewa na Kamati Tendaji ya Chama,
Dar es Salaam.