Njia za Changarawe Zina Wenyewe

Jumamosi moja, baada ya sala ya adhuhuri, niliwakuta gatini Shimoni watu wanne wamekaa kivulini na baiskeli zao, wamejaa vumbi jekundu tangu nyusi hadi vidole vya miguu. Wawili walikuwa Wazungu, mmoja kijana wa Nairobi, na wa nne binti wa papa hapa Pwani. Walikuwa wametoka Kwale mjini alfajiri, wakazunguka nyuma ya milima ya Shimba, wakavuka Mto Mukurumudzi na Mto Ramisi, wasikanyage lami ila pale ambapo hapakuwa na budi. Wakaniuliza kama baiskeli zao zaweza kupanda mashua ziende Wasini. Nikacheka. Kisiwa chetu hakina gari hata moja. Ardhi yake ni mawe ya matumbawe, na atakaye kwenda Mkwiro huenda kwa miguu yake au kwa chombo.

Yule kijana akanionyesha kijisanduku kilichofungwa kwenye usukani. Ndani yake mlikuwa na ramani, na juu ya ramani mstari mwekundu, ndiyo njia waliyopita. Niliutazama mstari ule kwa kituo, kwani njia yenyewe naijua. Ulipita kando ya mlima Mrima, mahali ambapo mjomba wangu, Mungu amrehemu, hakupapita hata siku moja akiwa juu ya baiskeli. Kwenye ramani ile hapakuwa na jina lolote. Palikuwa na rangi ya kijani tu.

Msomaji ambaye hajaziona baiskeli hizi na azijue. Zina usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, mfano wa zile za mashindano ya lami, lakini tairi zake ni nene kidogo, zimechongwa meno ya kushika vumbi na kokoto. Mashindano yake yaliyo mashuhuri kupita yote yalianza mwaka 2006 katika mji wa Emporia, jimbo la Kansas huko Marekani, ambapo watu huendesha maili 200 za changarawe kwa siku moja. Mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanywa mara ya kwanza mwaka 2022 nchini Italia. Hapa kwetu Kenya mbio za namna hii zilifika Maasai Mara mwaka 2021. Na asije mtu akasema huu ni mchezo wa Wazungu tusiuingilie: Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya waendeshaji wa Afrika Mashariki, alifia njiani mwezi Agosti 2022 akishindana huko Vermont, Marekani, naye alikuwa na umri wa miaka 33. Mchezo uliokwisha kuchukua roho ya kijana wetu hauwezi kuitwa wa wengine.

Tena, kwani ni nani aliyeanza kuzipanda njia hizi za Kwale kwa magurudumu mawili? Mjomba wangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Akipokea samaki Shimoni vyombo vikirudi, huwapanga katika tenga, akafunika kwa majani mabichi, akafunga tenga kwenye karia kwa ukanda wa mpira, kisha akashika njia ya Kikoneni na vijiji vya nyuma yake. Baiskeli yake ilikuwa moja ya zile nzito za chuma ambazo watu waziita Black Mamba, haina gia, na breki zake zilikuwa za kubahatisha. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alinichukua wakati wa likizo ya chuo, maalim alipotupa ruhusa, nikawa namsukumia kwenye miinuko. Jua la saa nne halimngoji mtu mwenye samaki. Pamoja na haraka yote ile, tukifika penye msitu wa kaya alishuka, akaiongoza baiskeli kwa mkono, akanyamaza mpaka tukapita. Penye makaburi vivyo hivyo, ila pale alitoa salamu.

Mimi niliyekuwa nimetoka kukariri juzuu ya Amma nilijiona mwanachuoni, nikamwuliza kama si shirki kuuadhimisha mti. Akaniambia, "Mwanangu, mimi siuadhimishi mti. Nawastahi wenyewe. Wewe ukipita mbele ya nyumba ya mtu huku unapiga kengele na mwenyewe amefiwa, yafaa?"

Jawabu hilo nimelikumbuka miaka zaidi ya arobaini, na siku ile gatini lilinirudia, kwa sababu sisi watu wa Wasini tumekwisha kuona mambo ya ramani. Katika miaka ya 1970 Serikali ilitangaza Kisite kuwa hifadhi ya bahari. Sitasema haikuwa na faida. Matumbawe yapo, samaki wapo, na kasa wapo. Lakini palikuwa mahali pa kuvua babu zetu, na mstari ulipochorwa, mvuvi aliamka akakuta bahari yake imekuwa ya kutazamwa. Tangu hapo watalii hushuka kwa mabasi kutoka Diani, wengi wao wamekwisha kulipa huko huko, wakapanda mashua, wakala kaa, wakaondoka. Tulibakiwa na vijana wa kubeba mizigo. Walioufumbua ukucha ni wanawake wa kijiji chetu, ambao walijenga daraja la mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale, wakaweka kiingilio chao wenyewe, wakawa wanasomesha watoto kwa pesa ile. Wenzao wa Gazi nao, tangu mwaka 2013, wameifanya mikoko yao iwaletee fedha za maji na vitabu vya shule kwa kutunzwa tu pasi na kukatwa.

Kwa hiyo hoja yangu si kuwafukuza wenye baiskeli. Hasha! Mgeni wa namna hii ni bora kuliko yule alalaye wiki mbili pwani ya Diani asijue kama Kwale ina mito. Huyu hupata njaa, akanunua mahamri na mbaazi kwa mama wa kando ya njia. Hupasukiwa mpira, akamtafuta fundi. Hunyeshewa, akaomba ukumbi. Anaona palipokuwa na kiwanda cha sukari cha zamani cha Ramisi, na machimbo ya titani ambayo yalifungwa Desemba 2024, akajua kwamba nchi hii imechimbwa na kukamuliwa kabla yake. Ninalolitaka ni kwamba mstari wa njia tuuchore sisi, kijiji kwa kijiji, wazee wa kaya wakiulizwa ni wapi pa kupita, wapi pa kushuka na wapi pasipoingilika kabisa. Kaya Kinondo, ambayo iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, haiingiwi ila kwa mwongozaji wa pale na kwa kujifunga kaniki. Mrima na Dzombo hazina heshima ndogo kuliko hiyo. Kiongozi wa njia na awe kijana wetu, alipwe, na Ijumaa saa ya sala msafara usimame.

Rafiki yangu mmoja barazani alinikatiza hapo kwa hasira. "Ninyi waandishi mwataka tubaki na changarawe ili wageni wapate pa kuchezea?" Ni neno zito na sikulidharau. Mwenye mke aliyeshikwa na uchungu usiku wa masika, naye akataka kumfikisha hospitali ya Msambweni, hana haja ya kusifiwa kokoto. Barabara kuu za vijiji na zitiwe lami, na kesho si mbali. Lakini vile vijia vya nyuma, vya kwendea konde na kisimani, lami haitavifikia maishani mwangu wala mwake, na wageni wamekwisha kuvifikia.

Wale wanne niliwapa majina ya mahali walipopita, moja moja, na yule binti akayaandika. Kuhusu mlima Mrima niliwaeleza habari ya mjomba. Mmoja wa Wazungu aliona haya, akaniuliza kama wamekosa. Nikamwambia hawakukosa, kwani hawakuambiwa.

Wameahidi kurudi baada ya masika. Baiskeli ya mjomba ingali imetundikwa ukutani kwa binamu yangu Shimoni, imeliwa na kutu ya chumvi kwenye rimu, lakini mnyororo bado wazunguka. Juzi nimeipeleka kwa fundi atie mipira mipya na breki za kushika. Gharama yake imenishinda kidogo, nimelipa nusu. Nitawatangulia mpaka Mrima, kisha tutashuka.